Askari Aliyekula Kwetu Suguti

Wiki iliyopita nilisoma kijitabu cha historia ya kijiji chetu, Suguti, kinachodai kwamba wakati wa vita askari wa Uganda alitekwa ufukweni baada ya mapambano makali. Nilikuwapo, na hapakuwa na mapambano yoyote.

Mchana ule jiko letu lilinukia ningu wa kukaushwa, samaki wa kuwapa wageni. Askari yule alishuka mtumbwini peke yake, akaingia kwetu pekupeku, kaptura imelowa, akaomba chakula kwa Kiswahili cha Uganda. Kwa utoto nilidhani amevua viatu kwa adabu. Leo najua alivitupa ziwani pamoja na sare, asitambuliwe na wakubwa wake aliowatoroka.

Mama alipokwisha kumpakulia, mjomba Mafuru alifika na wanamgambo wenzake, mapanga mkononi.

“Dada, toka mlangoni tummalize! Adui unampa ningu, sisi ndugu zako unatupaga dagaa?”

“Ninyi mnakulaga hapa kila siku,” mama alijibu bila kusogea. “Mwanangu naye yuko huko vitani. Huyu atakula kwanza, kisha mtampeleka kituoni akiwa mzima.”

Mgeni akasema taratibu, “Kikosini kwetu wengi wameondoka. Hata wale askari wa kigeni walioletwa kwa ndege kutusaidia walitutangulia kukimbia. Vita hii hatuitaki.”

Nje kuku waliparura majivu. Mjomba akaketi kizingitini kusubiri.

Naandika ilivyokuwa: hakutekwa. Alimaliza kula, akanawa, akamshukuru mama, kisha akamwambia mjomba, “Twende, bwana.”

Mjomba akatangulia njiani, panga ameliacha kwetu.