Ukingo wa sarafu ya bibi

Jamani, leo nimeshinda ubishi na nimejuta.

Katalogi moja inasema ukingo wa sarafu ile ya kale una maandishi.
Nyingine inasema ni laini kabisa. Wenzangu wakusanya sarafu wakashikilia hiyo ya pili, mimi ya kwanza.

Bibi huivaa shingoni. Ila ukingo umefunikwa na pete ya chuma aliyoifua babu kwa mkono wake walipooana.

Nikambembeleza. Akavua, akanipa.

Fundi wa mjini akakata pete. Maandishi yapo, kuzunguka kote! Nikapiga kelele dukani.

Nikapanda mbio hadi kwa bibi, kule mlimani Old Moshi. Bibi sarafu hata hakuitazama. Akaokota vile vipande viwili vya pete.

“Haya, umeshajua. Sasa nirudishie kama alivyoiacha babu yako.”

Fundi kasema chuma kimechakaa, hakiungiki.



Mpaka sasa mkono wa bibi unapapasa shingo iliyobaki tupu.