Mwenyekiti wa Wadi ya Wanaume

Mzee Gaudensi alikuwa akinipandisha hasira kabla hata sijamaliza uji. Alipita kitanda hadi kitanda, sweta limefungwa vifungo vyote, akituuliza kama tutahudhuria. Tutahudhuria! Wadi ya wagonjwa wa akili, mlango una kufuli, tungekwenda wapi?

Balaa lilianza pale nesi wetu, Sista Anjela, alipopanga viti kwa duara. Akasema kila asubuhi tutakaa pamoja, kila mtu aseme kinachomsumbua na wenzake wamsikilize, kwani hiyo nayo ni tiba. Sista ametokea pwani. Alidhani watu wa Rukwa wataanza kuongea hivi hivi. Zephania, mvuvi wa Kabwe anayesikia sauti, akauliza papo hapo, "Sasa mwenyekiti nani?" Sista akacheka, akasema hahitajiki. Tukamwonea huruma. Tukapiga kura, akapita Mzee Gaudensi, maana huko kijijini kwao, wanakolima mahindi na ulezi, uenyekiti ameushika tangu nikiwa kijana.

Tangu hapo tiba ikawa na ajenda. Kufungua, yatokanayo, mengineyo. Mimi Vicent, muuza viatu wa Majengo, ugonjwa ukinipanda silali, na safari hii nilikuwa nimegawa viatu bure barabarani mpaka mke wangu akaita ndugu. Nilitaka kueleza aibu niliyonayo kwa watoto. Mzee akaniambia nitakuwa wa tatu, ninyooshe mkono. Zephania alipoanza kulia kwamba zile sauti zinamtukana mama yake, mzee akasema kwa upole kabisa, "Mjumbe, hilo tuliweke kwenye mengineyo." Nusura nimrushie kiti.

Na yeye je? Sista alimuuliza kila siku, "Mzee wangu, na wewe una nini moyoni?"

"Mwenyekiti hachangii, Sista. Mwenyekiti anaongoza."

Kila siku jibu lile lile, sikio la kufa. Nasi wote tulijua kilichomleta. Mkewe, Mama Epifania, alitueleza mwenyewe saa ya kuona wagonjwa: alimkuta ghalani akijaribu kujiua. Sababu hakuisema kwa mke, kwa padri, wala kwa daktari. Na daktari sasa alikuwa anafikiria kumruhusu, kwa sababu mzee anakula vizuri, anameza dawa na ana adabu. Mama Epifania akanishika mkono mlangoni.

"Baba, akirudi na hilo jambo tumboni, nitamzika. Msemesheni."

Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Usingizi nao uliruka, safari hii si kwa ugonjwa. Nilimkasirikia yule mzee kwa kuwa niliogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anayaficha mbele yetu, mchana kweupe, kwa utaratibu mzuri.

Asubuhi nikanyoosha mkono kabla hajafungua.

"Taarifa, mwenyekiti. Natoa hoja: sina imani na mwenyekiti."

Sista akafumba macho kama mtu aliyesikia sufuria ikianguka. Zephania akaunga mkono hoja. Mzee Gaudensi akatutazama, na nilidhani atakasirika. Wapi! Akauliza wanaokubali wanyooshe mikono, akaihesabu kwa makini, akatangaza kwamba hoja imepita. Kisha akanyanyuka kwenye kile kiti chenye mikono, akabaki kasimama katikati yetu, hajui akae wapi. Sista akamsogezea benchi.

"Nani mwenyekiti mpya?" akauliza Zephania.

"Hakuna," nikasema. "Leo hakuna. Mzee, una kipi?"

Mtu akakohoa. Nilikuwa nimekwisha kujilaumu, nikijiambia nimemvunjia heshima mtu mzima bure, alipoanza kuongea huku anatazama magoti yake.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Beda. Alikuwa na ugonjwa kama wenu. Kama wetu. Alikuwa anatembea usiku anaimba. Mwaka jana akachoma ghala la jirani, moto ukasambaa, ulezi wa watu wote ukaisha. Kijiji kikaitisha mkutano, wakasema Beda aondoke. Mimi ndiye niliyeongoza."

"Ukasemaje, mzee?" Sista akauliza.

"Sikusema. Wanaokubali nikahesabu mikono yao. Wanaokataa nikahesabu. Nilijua kuna hospitali mjini, ndugu zake Mwalimu Modesti wa shule yetu walishaletwa hapa wakapona. Ningesema neno moja tu, wangenisikiliza. Nikafunga mkutano. Asubuhi akaja kuniaga. Alikuwa anashuka bondeni, Mtowisa, hana hata koti. Akanipigia makofi kwa heshima kama tunavyowasalimu wakubwa, akasema, 'Asante kaka, umeongoza vizuri, hawakunipiga.'"

Hakuna aliyeomba nafasi ya kuchangia.

"Tulimwokota njiani, tayari maiti, kwenye ule mteremko, hajafika bondeni. Mpaka leo sijawahi kumlilia. Ningelia mbele ya nani? Wote walinyoosha mikono."

Halafu akalia, kwa sauti mbaya, ya mtu asiyezoea. Zephania akahamia kwenye benchi lake, akamkumbatia begani. Mimi, mjinga niliyekuwa na maneno mengi, nilikaa nikilia kwa hasira: kwa mzee, kwa kijiji chake, kwa yule Beda anayeshukuru.

Sista alingoja mpaka akatulia. Kisha akamuuliza waziwazi, bila kuzungusha, "Mzee wangu, bado unawaza kujiua?"

"Ndiyo, Sista," akasema. "Daktari msimwambie aniruhusu."