Teresina Aenda Ukweni Pemba

Teresina anauza chakula Atlabara, mtaa wa Juba ulio karibu na chuo kikuu, na mkahawani kwake yeye ndiye bingwa wa Kiswahili. Alikulia ukimbizini Uganda, na mteja Mkenya akishindwa kuelewana na mpishi, Teresina ndiye huitwa kutafsiri. Kwa hiyo mumewe Shaame, fundi wa majenereta kutoka Pemba, alipomwambia wakati umefika wa kwenda kumwona mama yake, na kwamba ingefaa wafanye mazoezi kidogo ya kuamkia wakubwa, Teresina aliona amedharauliwa.

"Kiswahili mimi iko najua," alisema. "Fundisha watu ya mtaa ya Munuki."

"Na bahari?"

"Bahar mimi nazoea tangu mtoto."

Juba, bahar ni Mto Nile. Teresina aliamini tofauti ni ndogo.

Wakapanda basi kupitia Nimule, wakaikata Uganda, Kenya, na Tanzania hadi Dar es Salaam. Njia nzima aliwahurumia abiria waliochafukwa na tumbo, akiwagawia ndimu na mawaidha. Katika kila mpaka alimweleza ofisa kwamba dumu alilolipakata ni mafuta ya lulu, zawadi ya mkwe, na kwamba lulu hiyo ni mti wa kwao, si ile ya kuvaa shingoni.

Dar wakapanda meli. Mpaka Unguja bahari ilitulia, naye akazidi kujisifu. Kuelekea Pemba meli ikaanza kupanda na kushuka. Mfuko wa kwanza aliotapikia Teresina ukajaa, wa pili ukajaa. Wa tatu ulipochelewa ikatumika kofia ya Shaame, iliyoshonwa na mama yake kwa mkono. Abiria mmoja akamnyooshea ndimu. Teresina akaipokea bila kumtazama usoni.

Walipofika nyumbani kwa kina Shaame, mama mkwe, Bi Mize, alimtazama kwanza mwanawe kichwani.

"Kofia yako iko wapi?"

"Imeingia maji, mama."

Teresina akaona hapa pana haja ya kuokoa jahazi. Akatoa shikamoo, ikapokelewa vizuri. Akapata moyo. Mbele ya mashangazi wote wa Shaame, waliokuja kumwona, akatangaza atakavyowapikia:

"Mama, kesho mimi tapika kwa nyinyi yote."

Bi Mize akainuka, akaja na beseni, akaanza kumsugua mgongo taratibu.

"Usingoje kesho, mwanangu. Tapika sasa upumue."

"Hapana, mama. Kupika. Sufuria. Moto." Akakoroga hewa kwa mikono miwili.

Shaame alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Teresina alitamani sakafu ipasuke, kisha akafikiri juu ya wateja wake wa Atlabara, wale aliowasahihisha miaka yote akiwainulia kidole, naye akaanza kucheka mwenyewe kabla mashangazi hawajathubutu.

Bi Mize akaketi kando yake.

"Nami nikwambie," alisema. "Niliambiwa mkwe wangu anasema Kiarabu. Nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, anifundishe hotuba ya kukupokea."

Akasimama, akajitengeneza kanga, akaighani yote. Teresina hakuambulia kitu isipokuwa salamu. Kwa heshima akajibu kwa Kiarabu cha Juba, "Ana mabsut, mama."

Bi Mize akamgeukia mwanawe. "Kasemaje?"

"Kasema amefurahi."

"Basi kanipoteza mwalimu yule. Hilo hakunifundisha."

Sasa wakacheka wote, na beseni likarudishwa uani.

Kesho yake Teresina akapika kombo, mboga za majani kwa karanga za kusaga, kama anavyopika Juba kila siku. Bi Mize akaonja, akatafakari, akaenda kukuna nazi. Akamimina tui ndani ya sufuria bila kuomba ruhusa. Teresina alinuna, maana chakula hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kujivunia. Akachota kijiko. Ilikuwa tamu kuliko yake, tena kwa mbali.

Akaomba aongezewe.