Weldan kwa Mtu Aliyeketi

Juzi hapa Bulengera, mjini Butembo, dereva wa lori kutoka Uganda alinikuta nikichambua maharagwe mlangoni, akapaza sauti: "Weldan, mama!" Nilicheka peke yangu mpaka maharagwe yakamwagika. Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu utoto, tangu vita vilipotuvusha Kasindi, mama na mimi, hadi Bwera, Uganda, upande wa pili wa mpaka.

Baba alibaki Butembo kulinda nyumba. Alisema angetufuata upesi. Miezi ikapita bila habari, na kila aliyevuka mpaka alikuja na uvumi wake: ameonekana, amechukuliwa na askari, amekufa.

Shuleni Bwera nilijifunza Kiingereza haraka, nikajiona mkalimani wa familia. Kiingereza chao kilikuwa na utamu wake. Ukijikwaa barabarani, mtu aliye mbali, asiyekugusa hata kidogo, anakuambia "sori". Ukikutwa unafua, unalima au unamenya ndizi, hapiti mtu bila kusema "weldan", yaani umefanya vyema, kama sisi tunavyosema pole na kazi. Mimi niliyezoea bravo ya mwalimu wetu wa Butembo, ambayo huipati bila kumaliza hesabu zote, niliona watu hawa wanagawa sifa bure.

Kilichoniudhi ni kwamba walimwambia mama pia. Tangu asubuhi mama aliketi nje kwenye kiti kidogo, uso kuelekea njia ya Kasindi, mikono mapajani. Na jirani yetu Mama Biira, jembe begani, alisimama kila alipopita: "Weldan, mama Masika," akimwita kwa jina langu. Niliona haya. Nilidhani anamsimanga.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Lakini, Mama Biira, mama hapana kutumika kazi yoyote! Munamusifu juu ya nini?"

Alinitazama bila hasira. "Nyamaza, mutoto. Mama yako anatumika tangu asubui." Akaenda zake shambani. Mama aliendelea kutazama njia ya Kasindi, nami nikadhani hakuelewa.

Baba alifika mchana mmoja wa jua kali, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Nilipiga kelele nikamkimbilia. Mama hakukimbia. Aliinuka taratibu, akajifuta uso kwa kitenge, na yeye asiyejua hata kuhesabu kwa Kiingereza akamwambia, "Weldan, baba Masika."

Baba akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilifungua mdomo, mkalimani mzima, nikakosa neno. Wao wawili walikuwa wanalia.

Neno lile la mama nililielewa nikiwa mtu mzima, siku mume wangu alipokwenda Beni na habari zikaja kwamba njiani kuna risasi. Niliketi mlangoni nikimngoja. Watu husema subira huvuta heri, hawasemi inavyochosha. Jioni aliporudi salama, mgongo uliniuma kama wa mtu aliyelima kutwa, na sikuwa nimeinuka kitini.