Dakika Saba Kutoka Lami

Agizo lilipofika shuleni kwetu Goba kwamba kila somo, hata hisabati, lifundishe kusoma kwa kuelewa na fikra tunduizi, mwalimu mkuu alilitekeleza wiki hiyo hiyo. Aliita mchoraji, akaandikisha ukutani: SISI TUNAFIKIRI. Kuanzia hapo wanafunzi waliyatamka maneno hayo kila asubuhi mstarini, kwa sauti moja. Aliyechelewa kuitikia alipigishwa magoti.

Mimi nilikuwa na hisabati ya darasa la sita. Watoto wale walikuwa hodari wa kukokotoa na wavivu wa kusoma. Ukiwapa swali la maneno, waliyaruka maneno kama mtu anavyoruka madimbwi, wakakanyaga tarakimu tu.

Siku moja niliacha kitabu, nikaandika ubaoni tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme nje ya geti letu: "Viwanja vinauzwa Madale. Dakika saba kutoka lami. Bei maelewano." Nilikuwa na sababu yangu. Mwalimu wetu wa taaluma, mama aliyekaribia kustaafu, alikuwa ameahidi kulipia kimojawapo Jumamosi ile, kwa akiba ya utumishi wake wote. Alikuwa amekiona mara moja tu, akiwa ndani ya gari la dalali. Magoti yalimsumbua kiasi kwamba hata ngazi za ofisi alizipanda kwa kupumzika katikati. Nilipomuuliza hizo dakika saba ni za usafiri gani, alicheka: "Mwalimu, nawe kwa wivu!"

Chini ya tangazo niliongeza: "Familia ina watu wanne. Kiwanja kiko mbali kiasi gani na lami?"

"Ishirini na nane!" darasa likaitikia.

"Ishirini na nane nini?"

"Dakika," mmoja akajaribu.

"Mita!"

"Watu!" akamalizia wa nyuma.

Nikawaambia waweke kalamu chini. Marufuku kutoa jibu, ruksa kuuliza tu. Wakatazamana kama watu walionyang'anywa sahani.

"Mwalimu, ni kwa miguu au kwa bodaboda?" akaanza mmoja.

"Bodaboda ya nani?" akadakia jirani yake. "Kuna braza mtaani kwetu, akikupakia mnafika kabla hujakaa vizuri."

"Kiangazi au masika?"

"Na ukiwa na ndoo kichwani?"

Msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono taratibu. Wote tulijua kwamba baba yake ndiye dalali mwenyewe. "Mwalimu, baba alipima kwa pikipiki. Mie ndiye niliyeshika saa."

"Na kurudi je?"

"Kurudi ni mlima. Tulishuka, tukasukuma. Saa aliniambia nizime."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu wa taaluma, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri kuniomba chaki, hakucheka.

Alasiri aliniambia, "Twende tukauone huo mlima." Bajaji ilitushusha pale lami inapoachana na njia ya viwanja, tukateremka bondeni kwa miguu. Kushuka tulipiga soga. Kupanda hatukuzungumza. Kwenye duka la kwanza alinunua maji. Kwenye la pili aliomba kiti.

"Gari lake lilikuwa na kiyoyozi," alisema alipopata pumzi. "Mlima sikuuona kabisa. Niliona ubaridi." Akajikanda goti. "Sinunui."

Jumatatu dalali alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nami nikaitwa.

"Mie nimemleta mtoto hapa ajifunze hesabu," alisema, "siyo aje kunitolea ushahidi!"

Mwalimu mkuu alinigeukia kwa huzuni. "Mwalimu, fikra tunduizi ni za ndani ya kipindi. Kwa nini unazitoa nje ya geti?"

Nilimuuliza dalali amemfanya nini binti yake.

"Nimfanye nini, ticha? Tangu Ijumaa ananiuliza maswali tu. Jana kaniuliza kwa nini nikinunua samaki nasema ni wadogo na nikifika nyumbani nasema ni wakubwa."

"Na kurudi lami ni dakika ngapi?"

Alitazama dari. "Inategemea na mtu."

"Basi andika hivyo."

Aliondoka bila kuaga. Lakini wiki iliyofuata tangazo jipya lilikuwa kwenye nguzo: "Dakika saba kwenda. Kurudi maelewano." Mwalimu wa taaluma alisimama getini akalisoma lote, akipitisha kidole chini ya kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akacheka hadi akashika nguzo.

Bado anatafuta kiwanja. Madalali wanamlalamikia kwamba ni mteja msumbufu: wakikaribia kufika, anaomba ashushwe garini.