Semina ya Watoto Wachanga

Nilialikwa Lodwar kwenye semina ya kupanga bajeti ya watoto wachanga, wale wasiofika miaka mitatu. Mimi ni mlezi katika kituo kidogo cha Kakuma ambako akina mama, wenyeji na wakimbizi, hutuachia watoto wakienda kutafuta riziki. Mwanangu mwenyewe alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nikapiga simu kuuliza kama naweza kwenda naye.

"Aki madam, hiyo hatukuwa tumepanga," mwandaaji akaniambia. "Mtoto atasumbua watu. Acha yeye na mtu, ni siku tatu tu."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nikamwachia mwenzangu wa kituoni, mama mkimbizi kutoka Kongo, pamoja na chupa na kopo la maziwa ya unga.

Ukumbini kulikuwa na feni, mandazi, na picha za watoto wanene ambao sijui walipigwa picha nchi gani. Kila saa ya chai nilikwenda chooni kukamua maziwa kwenye sinki. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilikamua huku nikisoma tangazo la kuhimiza watu wasipoteze maji.

Siku ya mwisho tuligawiwa vibandiko vyekundu, kila mtu abandike kwenye chati ya ukutani, iliyoorodhesha mahitaji ya watoto wachanga na ya chekechea, pale anapoona panastahili fedha kwanza. Vyangu vyote nilivibandika kwa watoto wachanga. Vya wengi vilikwenda kwa madarasa ya chekechea. Afisa mmoja mpole aliyeketi karibu nami alinieleza bila ubaya wowote.

"Unajua mama, darasa inaonekana. Mkubwa anakuja, anakata utepe. Sasa mtoto wa kubebwa, utafungua nini?"

Watoto wachanga wakasukumwa hadi awamu ya pili ya bajeti. Nikapiga makofi pamoja na wengine, hata sijui kwa nini.

Nilifika Kakuma jioni. Mwenzangu alikuwa mlangoni, mwanangu begani.

"Alilia sana, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ni leo tu njo amenyamaza."

Nikaketi, nikafungua blauzi, nikampa ziwa. Akalitazama kidogo, akageuza uso, akamnyooshea mikono yule mwenye chupa. Nilijaribu tena kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka maziwa yakakauka. Iliniuma, lakini kwa mbali, kama jino lililochomwa sindano ya ganzi. Mwenzangu aliniomba radhi, nami nikamwambia hana kosa, na kweli hakuwa nalo.

Kituo kiliendelea kama kawaida. Asubuhi moja, mama anayeuza makaa sokoni aliniwekea mwanawe mapajani.

"Ejok," akanisalimu. "Huko Lodwar walisema nini juu ya hawa watoto?"

"Ejok. Walisema tungoje."

Akaitikia kwa kichwa, akajitwisha gunia lake, akaenda. Mtoto akaanza kunipapasa kifuani, akitafuta. Nikamwacha atafute.