Rangi ya Majani Kwenye Shingo ya Besi

Saa moja asubuhi, Cassien ameshaipita kona ya barabara ya Kagarama, na hageuki. Kofia ameishika mkononi. Anatembea kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Nyuma yake mlango wa karakana uko wazi, na gitaa lake jipya la besi limelala juu ya meza, vitaa vyake vinawaka.

Aliyeachwa mlangoni ni Mutsinzi, seremala, fundi redio, na siku hizi mtengeneza magitaa. Bisibisi bado iko mkononi.

"Kaka! Kaka Cassien! Kuna nini?"

Hajibiwi. Mvua ya Novemba imeacha tope jekundu barabarani, na mzee anaparamia lile tope bila kuchagua pa kukanyaga.

Ni Alhamisi. Jumamosi Cassien anatakiwa kupiga besi hiyo kwenye harusi ya Umutoni, binti wa marehemu kaka yake. Katika nyumba nzima ya kaka yake amebaki huyo mmoja. Kabla mwaka huu wa 1994 haujageuka kuwa ulivyokuwa, Cassien alipiga besi katika kumbi za Kigali kwa miaka mingi, na binti alikua akimsikia. Basi alipochumbiwa, baba yake mdogo alimpa neno: "Baba yako hayupo wa kukutoa. Nitakutoa mimi, na nitakupigia."

Neno lilikuwa jepesi, mkono ndio mzito. Mkono wake wa kushoto uliumizwa mwezi wa nne. Jeraha limefunga, lakini vidole viwili havisikii kitu. Zamani aliijua shingo ya gitaa kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Sasa lazima aangalie kila anapokanyaga. Na kumbi za Kigali hazina mwanga. Umeme unakuja unapotaka, jenereta ikiwashwa inalisha kipaza sauti na balbu moja, basi.

Ndiyo maana alimwendea Mutsinzi. Besi yake ya zamani ilikwishaporwa. Alichookota ni masikio ya kukazia nyuzi na sumaku za kunasia sauti. Mutsinzi akachonga mwili kwa mti wa umusave na shingo kwa mlango wa kabati lililovunjika. Nyuzi zilitoka Kampala, kwenye mzigo wa mke wake Winifred, anayefanya biashara ya mitumba.

"Fundi, uniwekee taa kwenye shingo," Cassien alimwambia. "Ndogo ndogo. Zinionyeshe njia."

Vitaa hivyo ni vile vinavyokaa usoni mwa redio na ampulifaya, vidogo kama punje ya mchele. Mafundi wanaviita diodi. Viko vyekundu, vya kijani, na vya rangi ya chungwa. Mutsinzi alitoboa kwa keekee ubavu wa juu wa shingo, ule unaotazamana na macho ya mpigaji, ili wageni waliokaa mbele wasione chochote na mwenyewe aone vizuri. Chuma cha kuungia nyaya kwa risasi alikipasha moto kwenye jiko la makaa.

Rangi walielewana kwa mdomo tu. Cassien aliingia siku moja, fundi yuko kwenye gundi, mikono haishikiki. Mzee akasema anataka rangi ya majani, kwamba hiyo inamtulia machoni. Mutsinzi akaitikia.

"Sikuona haja ya kuuliza mara mbili," anasema Mutsinzi. "Mimi nimekulia Mwanza, ukimbizini. Kwetu rangi ya majani ni rangi ya majani. Kijani ni neno la shuleni, na shule yenyewe sikuikalia sana. Tena tazama nje, kilima gani hakina majani?"

Rangi hiyo ilikuwa pia rahisi kupata. Ampulifaya bovu moja linatoa za kijani nyingi, nyekundu kidogo, na za chungwa mbili tatu za kubahatisha.

Asubuhi ile Cassien alikaa kwenye kigoda, besi mapajani. Mutsinzi akafunga madirisha ili giza liingie, akabonyeza swichi. Mzee aliangalia. Akaondoa mkono kwenye shingo taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hataki kuimwaga. Akalaza gitaa mezani, akatoka.

Winifred, aliyekuwa anafungua robota la mitumba uani, aliyaona yote. "Bambi, mtu haachi gitaa lake hivi hivi tu," alimwambia mumewe. "Kuna kitu. Mfuate."

"Nimfuate nikamwambie nini? Nimemfanyia alichotaka!"

"Basi kamwambie hivyo, uone kama anacheka."

Aliyecheka alikuwa mwingine. Nyirarukundo, mwenyeji wa hapo, huuza chai na mandazi kwenye ukuta wa nyumba ya jirani. Alichungulia ndani na birika mkononi.

"Umemfanya nini mzee wa watu? Amenipita hata salamu hakuna."

"Alisema rangi ya majani, nimeweka rangi ya majani."

"Wapi majani?"

"Hii hapa, mama. Huoni?"

Nyirarukundo aliangalia vitaa, akamwangalia fundi, akaweka birika chini ili acheke vizuri. "Sha, wewe! Hiyo ni icyatsi, langi ya nyasi. Unataka mzee akule nyasi kama mbuzi? Majani iko hii!"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akammiminia kiganjani majani makavu ya chai.

"Hapa ukisema majani, dukani wanakupimia chai," akaendelea. "Mzee anataka langi ya chai. Nyinyi mlitoka Tanzania na Kiswahili mingi, lakini kusikia iko kidogo."

Mutsinzi alilifunga lile gao la majani kwenye karatasi, akaitia mfukoni, akateremka kumtafuta Cassien nyumbani kwake, chini ya Kicukiro.

Alimkuta amekaa uani, kofia bado mkononi. Fundi alifungua karatasi mbele yake bila salamu ndefu.

"Hii?"

"Hiyo," alisema Cassien.

"Nisamehe, kaka. Nilisikia nyingine."

Cassien akasema, na maneno haya ameruhusu yaandikwe:

"Tulikuwa juu ya dari, mimi na Umutoni. Chini kulikuwa watu, si watu wetu. Walikuwa na redio. Hiyo redio iko na taa kama ile uliweka. Inawaka, wananyamaza, wanasikiliza. Wakimaliza kusikiliza wanachukua panga, wanatoka. Mimi naona kwa tundu ya mbao. Siku nyingi mimi naangalia ile taa tu, sina kitu ingine ya kuangalia. Sasa leo naiona iko chini ya vidole yangu."

Mutsinzi anasema hakujua aweke wapi macho. "Mwezi ule mimi nilikuwa Mwanza nachonga makabati," anasema. "Tumerudi nyumbani, tunaongea na wenzetu, tunaitikiana. Unadhani mmeelewana kwa sababu neno ni moja. Kumbe kila mtu alilikuta mahali pake."

Pale uani aliuliza swali la kazi, maana ndilo alilokuwa nalo.

"Sasa chai yenyewe, ya maziwa au kavu?"

"Kavu."

"Kwetu hiyo tunaiita chai ya rangi."

Cassien akamwangalia. "Unaona! Hata nyinyi mnajua iko langi!" Na hapo ndipo alipovaa kofia.

Ilibaki kuzipata taa za rangi ya chungwa, ndizo zilizokaribia chai kavu. Mutsinzi alipita kwa mafundi redio wote anaowafahamu mjini. Redio sokoni zilikuwepo, nyingi tu na za kuporwa, lakini hakutaka kufungua redio ambayo mwenyewe angeweza kutokea akaijua. Alirudi mikono mitupu. Winifred akateremsha kabatini redio kaseti yao wenyewe, aliyotoka nayo Kampala, yenye mstari wa vitaa vya rangi ya chungwa unaopanda na kushuka na sauti.

"Fungua," alisema.

"Hii unayosikilizia habari za kwenu?"

"Redio bila taa bado inaongea. Fungua kabla sijabadili mawazo."

Vilitoka vinne, na mashimo ya shingoni yalikuwa zaidi. Kesho yake Cassien alikuja kuchagua mwenyewe. Alipitisha mkono juu na chini, macho amefumba.

"Hapa weka. Hapa weka. Na hapa. Hapa acha, mkono inajua njia. Hapa weka, hapa ndiyo napotea."

Mashimo yaliyobaki Mutsinzi aliyaziba kwa vumbi la mbao na gundi, akayapiga msasa mpaka yakapotea.

Harusi ilifanyika Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Kinyinya. Wageni hawakujaa. Upande wa bibi harusi viti vingi vilibaki vitupu, na hakuna aliyevisogeza. Jenereta iliwashwa alasiri. Cassien alimtoa Umutoni kwa mkono, akamkabidhi kwa mumewe, akarudi nyuma ya mwimbaji, Silvère, akabonyeza swichi. Alipiga kichwa kimeinama muda wote. Noti kadhaa zilimponyoka. Silvère aligeuka mara ya kwanza, mara ya pili hakugeuka tena, akaimba tu juu yake. Umutoni hakucheza. Alivuta kiti karibu na bendi, akakaa na shela lake akiangalia vidole vya baba yake mdogo mpaka wimbo wa mwisho.

Sasa ni mwisho wa Desemba. Umutoni anaishi Ndera kwa wakwe zake, analima maharage na mumewe. Silvère amekwenda Bujumbura kutafuta kazi, hajaleta habari. Nyirarukundo amehama, mwenye ule ukuta alirudi na kuutaka. Amepata kibarua cha kubeba matofali Kinyinya. Winifred yuko Kampala, anatarajiwa wiki hii.

Cassien anapiga kanisani Jumapili, mchana. Harusi nyingine amealikwa, hajasema ndiyo.

Mutsinzi yuko Kagarama. Anatengeneza besi ya pili, ambayo haijapata mnunuzi, na anapanga kufundisha ufundi huo akipata mahali pa kudumu. Karakana aliyomo si yake. Aliikuta tupu, na msumeno ukutani. Amesema mwenye karakana akirudi, atatoka siku hiyo hiyo. Hajatokea mtu kuulizia.